Vyumba vyangu vinne vya Ndama, na kibanja cha marehemu baba



Msimu huu swali ninaloulizwa sana si la mbolea wala mnyauko wa migomba. Naulizwa hivi: "Bwana shamba, ning'oe kahawa ya pale juu barabarani nijenge vyumba vya kupangisha?" Hapa Ndama swali hilo halishangazi. Kayanga ni jirani, lami kutoka Kyaka imefika Bugene, na walimu, wauguzi, vijana wa bodaboda na wanunuzi wa mazao wote wanahitaji mahali pa kulala. Kwa nje kodi ya nyumba inaonekana fedha laini, kwa kuwa haina palizi wala mdudu.

Sitakujibu kwa kitabu. Nitakueleza yaliyonikuta mwenyewe, maana nimewahi kuwa mwenye nyumba asiye na mpangaji, na nimewahi kuwa muuzaji aliyekimbiwa na mnunuzi. Yote mawili yalikuwa makosa yangu.

Vyumba vilivyokaa tupu

Mwaka 2017 nilichukua mkopo wa mshahara nikajenga vyumba vinne vya mstari kwenye kiwanja nilichokuwa nacho hapa Ndama. Nilitumia matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na rangi ya kijani mpaka juu. Hadi namaliza, milioni 14 zilikuwa zimekwenda. Nikaandika namba ya simu ukutani nikakaa kusubiri.

Nilisubiri miezi saba. Katika muda huo alikaa mpangaji mmoja tu, kijana wa duka, naye akahama baada ya wiki sita.

Mtu aliyenifumbua macho ni mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa amepangiwa kazi karibu. Alikuja saa kumi na moja jioni, mvua imetoka kunyesha. Nikamfungulia chumba, nikamwonyesha dirisha. Hakulitazama. Alitazama viatu vyake vilivyojaa tope, kisha akaniuliza, "Mzee, maji mnachota wapi?" Nikamwambia kule bondeni, kisimani. "Choo ni kipi?" Nikamwonyesha. Kilikuwa kimoja kwa vyumba vyote, na mlango wake ulikuwa gunia, kwa sababu fedha ziliniishia kwenye vioo. "Na usiku, taa ya nje ipo?" Haikuwepo.

Akasema, "Asante, mzee, nitakupigia." Hakupiga.

Nilipomsimulia mke wangu alicheka kwanza, kisha akasema, "Baba Koku, umejenga nyumba ya kutazamwa na wapita njia. Mimi mwenyewe nisingekaa pale."

Basi nikauza ng'ombe mmoja na kahawa ya msimu ule, nikarudi site na shilingi 2,600,000. Sikugusa ukuta hata mmoja. Niliweka mifereji kwenye bati na simtanki la lita 5,000. Nikajenga vyoo viwili vyenye milango ya mbao na komeo la ndani. Nikaweka taa ya nje, nikamwaga moramu kwenye njia na kuchimba mtaro pembeni. Katika wiki kumi vyumba vyote vinne vilikuwa na watu. Muuguzi mmoja alikaa miaka mitatu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mpangaji wa huku kwetu anatafuta vitu vinavyompunguzia taabu ya kila siku. Kwanza anataka maji, halafu choo chenye staha, usalama wa usiku, na njia isiyomvunja mguu wakati wa masika. Rangi ataiona baadaye.

Kuhusu maji, hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inakupa lita moja. Bati la nyumba yangu ni mita 14 kwa 5, yaani mita 70 za mraba. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka hizo ni lita 70,000. Hata ikipotea sehemu ya tano, unabaki na lita 56,000 ambazo hukumlipa mtu kuzileta. Kizuizi ni tenki. Lita 5,000, ukitoa ndoo moja ya lita 20 kwa kila chumba kwa siku, zinakaa siku 62. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni siku 92. Ndiyo maana mwaka uliofuata niliongeza tenki la pili. Kama una fedha ya vioo au ya tenki, nunua tenki.

Jambo jingine ni jinsi unavyopokea kodi. Wenye nyumba wengi wanadai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Wewe mwenyewe ni mkulima na unajua fedha hazipatikani hivyo. Mimi napokea ya miezi mitatu, na mchuuzi wa kahawa namruhusu kulipa zaidi msimu wa mavuno ili apumzike miezi mikavu. Tunaandikiana mkataba wa ukurasa mmoja: kodi ni kiasi gani, nani anatengeneza nini, na mtu akitaka kuhama atoe taarifa ya siku ngapi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mpangaji ananunua umeme na anakatwa deni ambalo kisheria ni la mwenye nyumba. Mrudishie, au mpunguzie kwenye kodi ya chumba, na liandikwe kwenye mkataba. Ni fedha ndogo, lakini nimeona watu wakigombana kwa ajili yake mpaka chumba kikabaki wazi.

Kama unajenga fremu za biashara, mambo yanabadilika kidogo. Mwenye duka anahesabu watu wanaopita siku ya gulio, na anatazama kama pikipiki inaweza kusimama bila kuziba njia, kama kuna baraza la kushushia mzigo mvua ikinyesha, na kama mlango unafungika kwa kufuli mbili. Fremu nzuri iliyo mita mia moja nje ya mzunguko wa watu itakaa na popo.

Kibanja na maswali matatu ya mnunuzi

Sasa nikupeleke kwenye jambo lililoniuma zaidi.

Baba yetu alituachia kibanja chenye migomba na kahawa, kama vilivyo vibanja vya huku. Mwaka mmoja, mwezi Januari, kaka yangu mkubwa alibanwa na ada za watoto wawili. Akasema tuuze nusu ekari ya upande wa barabarani. Mnunuzi akapatikana, mfanyabiashara wa Omurushaka, akataja milioni 5. Kaka alikuwa tayari kupokea siku ileile.

Unajua butura. Mtu ana shida, anauza kahawa ingali maua mtini, na mwenye fedha anapanga bei anavyotaka. Serikali inaipiga vita, ushirika unaikataza, na bado shida inatupeleka kule. Basi kuuza ardhi Januari kwa ajili ya ada ni butura ya ardhi. Tofauti ni kwamba mti wa kahawa utachanua tena mwakani.

Lakini mnunuzi yule hakuwa mjinga. Alizunguka kibanja taratibu, akauliza maswali matatu.

La kwanza: "Haya makaburi mtayafanyaje?" Kama familia nyingi za huku, wazee wetu wamelala kibanjani, na makaburi mawili yalikuwa ndani ya ile nusu ekari. Sisi tuliyazoea, kwetu yalikuwa sehemu ya nyumbani. Yeye aliona watu watakaokuja kila mwaka kufyeka na kusali ndani ya uwanja wake.

La pili: "Njia ya kuingia kwenu nyuma itapita wapi?" Tungeuza upande wote wa barabarani, halafu sisi tupite kwake. Hatukuwa tumewaza.

La tatu alimwuliza kaka akiwa amesimama: "Dada yenu yuko wapi?" Kaka akajibu, "Ameolewa Nkwenda, huko Kyerwa." Mnunuzi akasema, "Kuolewa si kufa, waitu. Mleteni asaini." Akapanda pikipiki akaondoka. Hatukumwona tena.

Kaka alikasirika sana. Alisema kwa desturi yetu binti hana neno kwenye ardhi ya ukoo. Hapo nikamweleza kesi ya mkoani kwetu ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kutaka mauzo yale yafutwe, kwa hoja kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilisema mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Kaka hakunijibu siku hiyo. Tulikaa karibu miezi mitatu hatusemezani vizuri. Ada tulichangishana, nami nikakopa tena. Hatimaye mama ndiye aliyempigia dada simu, dada akaja na mumewe, tukakaa chini ya mgomba siku nzima. Dada alisema hakutaka fedha kwanza. Alitaka aulizwe.

Baada ya hapo tulifanya kazi ambayo ilipaswa kutangulia. Tulipima, tukapanda minyaa kwenye mipaka mbele ya majirani wa pande zote. Makaburi tukayaacha upande wetu. Tukatenga njia ya mita tatu ya kuingilia nyuma. Tukaandika muhtasari wa kikao cha ukoo, kila mmoja akasaini, dada akiwa wa kwanza. Mwaka na nusu baadaye tuliuza robo ekari tu, kwa milioni 4. Linganisha: kwanza nusu ekari kwa milioni 5, baadaye robo kwa 4. Udongo ulikuwa uleule. Najua bei za viwanja zilikuwa zimepanda kidogo, lakini mnunuzi wa pili alituambia wazi kwamba kwa karatasi zile hakuwa na haja ya kuweka akiba ya kesi.

Kwa hiyo ukitaka kuuza, au ukitaka kununua, angalia haya:

Mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Saini ya mume peke yake itakuletea mama na watoto mlangoni.

Aina ya ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, mauzo yapite Halmashauri ya Kijiji, na muuzaji mwenye hatimiliki ya kimila ana nguvu zaidi kuliko mwenye maneno. Kama ni kiwanja kilichopimwa mjini, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya uhakikishe namba na jina kabla ya kutoa hata elfu kumi.

Hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fremu iliyo ndani ya mita hizo ina bei nzuri mpaka siku inapowekewa alama ya X.

Vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na vyanzo vya maji. Kiwanja cha bondeni kina rutuba na bei ndogo, lakini si cha kujenga.

Nyufa. Sote tunakumbuka Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipotupiga mkoa mzima. Tangu hapo mnunuzi mwenye akili anatazama pembe za madirisha na milango, ndiko ufa unakoanzia, na anauliza kama nyumba ina lenta inayozunguka kuta zote. Ufa uliopakwa rangi bado ni ufa.

Hesabu ya mwenye mtaji

Turudi kwenye swali lako. Ning'oe kahawa?

Nakufungulia daftari langu. Vyumba vinne kwa shilingi 25,000 kila kimoja ni 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka kama vimejaa mwaka mzima. Havijai. Ninahesabu kila chumba kubaki wazi mwezi mmoja, natoa 100,000. Matengenezo, yaani kufuli, rangi na choo, natoa 150,000. Kodi na vitu vidogo, 30,000. Inabaki 920,000. Nilichotumia ni milioni 14 na ile 2,600,000, jumla 16,600,000. Gawanya: miaka 18. Na sijahesabu riba ya mkopo wangu. Ukiniuliza nikiwa nimechoka, nitakwambia nimemjengea mkopeshaji.

Sasa upande wa shamba. Kahawa ya robusta kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni kama miti 450 kwa ekari. Vyumba vyangu pamoja na uwanja wake vinachukua kama mita 300 za mraba, yaani nafasi ya miti 33 hivi. Tuseme mti unatoa kilo 2 za maganda na kilo ni shilingi 3,000. Hiyo ni kama 198,000 kwa mwaka kabla ya gharama. Weka bei yako ya msimu uliopita, hesabu ni ileile. Kwa eneo lilelile vyumba vinaipita kahawa mbali. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanalinganisha vyumba na miti 33, wanasahau kulinganisha na zile milioni 16. Kwetu ardhi bado si ghali sana. Kilicho adimu ni fedha taslimu. Jiulize fedha hiyo ingefanya nini kwenye miche bora, samadi, kupogoa mikahawa mizee, au kwenye stoo ya kusubirishia maharage mpaka bei ipande.

Mbona basi watu wanaendelea kujenga, nami sijauza vyangu? Kwa sababu kodi huja kila mwezi hata mvua ikikosea. Kwa sababu nikizeeka sitashika jembe, lakini nitaweza kupokea kodi nimekaa kibarazani. Na kiwanja chenyewe kinapanda thamani mji unapotusogelea. Hizo ni sababu za kweli. Ila usijidanganye kwamba kodi haijui kahawa. Anayepanga fremu yako anauza sukari na bati kwa wakulima wa kahawa. Bei ya kahawa ikianguka, naye atachelewesha kodi.

Kwa hiyo jibu langu kwa wote mnaoniuliza ni hili. Usijenge vyumba kwa fedha ya kuuza kibanja, wala kwa mkopo ambao kodi yenyewe haiwezi kuulipa. Jenga kwa ziada ya kahawa, chumba kimoja kimoja, kwenye kona ya mawe ambayo migomba imeikataa. Anza na choo na tenki, ukuta ufuate. Na kabla ya kufyatua tofali la kwanza, kaa na mwenzi wako, kaka na dada zako, muandike nani mwenye nini.

Kama umeshapata mnunuzi na ada zinakubana, subiri wiki moja tu. Njoo ofisini Jumatatu, siku ambayo siendi vijijini. Usije peke yako. Njoo na mwenzi wako, na kama ni ardhi ya ukoo, njoo na dada yako pia. Mezani pangu pana kalamu, na daftari la vyumba vyangu nitakuonyesha ujionee mwenyewe.